Tunapomwachia Mungu hukumu, tunamwachia nini hasa?

Kuna kauli mbili ambazo muumini wa huku kwetu huzisikia mara kwa mara. Ya kwanza hutoka kinywani mwa aliyebanwa: mweka hazina wa kikundi ameulizwa zilipo pesa za michango, naye anajibu, "Msinihukumu, mwenye kuhukumu ni Mungu." Ya pili huelekezwa kwa aliyeumizwa: mjane amenyang'anywa kiwanja na shemeji zake, anakwenda kwa wazee wa kanisa, anaambiwa, "Mwachie Mungu, mama." Kauli zote mbili zina harufu ya Biblia. Lakini tazama zinavyofanya kazi. Moja inamkinga mwenye kosa, nyingine inamnyamazisha mwenye haki. Kama hiyo ndiyo maana ya kumwachia Mungu hukumu, basi fundisho hili linamnufaisha dhalimu peke yake.

Wapo pia waliochoshwa na "usinihukumu" hata wakaliweka Mathayo 7 kando, wakashika Yohana 7:24, "ifanyeni hukumu iliyo ya haki". Kwa mstari huo wanajipa kibali cha kumpima kila apitaye: huyu ameokoka kweli, yule anaigiza, na yule kule ni wa motoni.

Kinachochanganya ni kwamba Maandiko yenyewe, yakinyofolewa mstari mmoja mmoja, humpa kila mtu silaha anayoitaka. Mathayo 7:1 inasema, "Msihukumu, msije mkahukumiwa ninyi." Mistari mitano mbele, Yesu yule yule anakataza kuwapa mbwa kilicho kitakatifu na kuwatupia nguruwe lulu. Mstari wa 15 anawaonya wanafunzi wajihadhari na manabii wa uongo, na anaongeza kuwa watawatambua kwa matunda yao. Nabii wa uongo atatambulikaje bila kupimwa? Paulo naye, katika sura ya nne ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anaandika "msihukumu neno kabla ya wakati wake", kisha sura ya tano anawakemea watu hao hao kwa kushindwa kuhukumu. Ama waandishi hawa walikuwa wasahaulifu kupindukia, ama kuna mpaka waliouona wazi ambao sisi tunauvuka huku na huku bila habari.

Mpaka upo. Kuona kosa, kulitaja, kulionya na hata kulipeleka mbele ya wenye mamlaka ni kazi ambayo Biblia imewapa wanadamu, tena kwa masharti. Kufunga jalada la mtu, yaani kutamka kwamba tumeshamjua alivyo moyoni, thamani yake mbele za Mungu na mwisho wake, hiyo ni kazi ambayo hatukupewa hata kidogo. Hapo ndipo penye katazo.

Nianze na Mathayo. Wahenga wana lao: nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Wahubiri wengi hufikiri kibanzi na boriti ni methali hiyo hiyo kwa vazi la Kiyahudi. Sivyo kabisa. Methali yetu humcheka nyani na kumwacha juu ya mti. Haimdai kitu zaidi ya aibu. Yesu anakwenda mbele: "Mnafiki wewe, itoe kwanza ile boriti katika jicho lako mwenyewe, ndipo utakapoona vema kukitoa kile kibanzi katika jicho la ndugu yako." Kibanzi hakikusahauliwa. Ndugu bado anaumwa jicho na bado anahitaji mtu wa kukitoa. Aliyekatazwa ni daktari kipofu. Na jicho halitibiwi kwa mbali: lazima umkaribie mtu, umshike kichwa, naye akubali kukaa kimya mbele ya kidole chako. Anayetangaza kibanzi cha mwenzake kwenye grupu la WhatsApp la kwaya hajatoa kitu. Amewaita watu waje kukitazama.

Luka ameweka maneno hayo mahali pengine kidogo, na mpangilio wake unaangaza jambo ambalo Mathayo halionyeshi waziwazi. Baada ya "msihukumu" na "msilaumu" anafuatisha "achilieni", kisha "wapeni watu vitu", kisha kipimo cha kujaa na kushindiliwa na kusukwasukwa hata kumwagika. Ni picha ya sokoni, ya muuza nafaka asiyebana pishi yake. Yaani anayejizuia kuhukumu hakai katikati kama asiyehusika. Anampimia mwenzake kwa ukarimu ule ule ambao angependa apimiwe yeye.

Sasa Korintho, maana hapo ndipo fundo linapofunguka. Paulo aliishi mji huo mwanzoni mwa miaka ya 50. Mwaka unakadirika kwa sababu Matendo 18 inamtaja liwali Galio, na jina la Galio limekutwa kwenye maandishi ya jiwe huko Delphi, Ugiriki, yanayoweka utawala wake karibu na mwaka 51 na 52. Mbele ya Galio huyo Paulo aliburutwa hadi kwenye kiti cha hukumu, na Galio akakataa kuisikiliza kesi, akawafukuza wote. Magofu ya jukwaa la kiti hicho yapo hadi leo katika uwanja wa soko wa Korintho ya kale. Kwa hiyo Paulo anapowaandikia Wakorintho juu ya kuhukumu na kuhukumiwa, anaandika juu ya kitu ambacho wao walikipita kila walipokwenda kununua samaki, na ambacho yeye mwenyewe alisimamishwa mbele yake.

Tatizo la sura ya nne ni ushabiki. Mmoja anasema ni wa Paulo, mwingine wa Apolo, na katika kushabikia wanawapa watumishi alama: nani wa kiroho zaidi, nani anasukumwa na nini. Paulo anajibu kwamba kwake si kitu kuhukumiwa na wao, kisha anatamka jambo ambalo silisikii likihubiriwa: "wala sijihukumu hata nafsi yangu." Haoni kosa lolote ndani yake, na bado anasema hilo halimfanyi kuwa mwenye haki, kwa sababu anayemhukumu ni Bwana. Uzito wake ni huu. Katazo la kuhukumu linamhusu hata mtu na nafsi yake. Aliyekata shauri kwamba yeye ni mtakatifu, na yule aliyekata shauri kwamba dhambi yake haisameheki tena, wote wawili wamekalia kiti kimoja kisicho chao. Huyu wa pili mara nyingi tunamwita mnyenyekevu. Naona hatumsaidii.

Sura ya tano ni habari nyingine. Kuna mtu anaishi na mke wa baba yake. Hakuna siri ya moyo inayopekuliwa hapo. Jambo linajulikana mji mzima, linaendelea, mwenyewe halikani, na kanisa, badala ya kusikitika, linajivuna. Paulo anaagiza mtu huyo aondolewe katika ushirika. Ni hukumu, na kali. Ila soma kusudi alilolitaja katika mstari wa tano: "ili roho iokolewe katika siku ya Bwana Yesu." Hata pale kanisa linapotumia nguvu yake ya mwisho, neno la mwisho juu ya mtu yule limeachwa wazi, tena limeachwa upande wa matumaini. Kanisa limesema, "Kwa hali hii hatuwezi kushiriki meza moja nawe." Halikusema, "Wewe umekwisha." Katika Waraka wa Pili, sura ya pili, Paulo anazungumzia mtu aliyekwisha kuadhibiwa na wengi, na sasa anataka asamehewe na kufarijiwa, "asije akamezwa na huzuni yake ipitayo kiasi". Wasomaji wa kale wengi walimwona kuwa ni mtu yule yule. Wachambuzi wengi wa leo wanafikiri ni mwingine. Kwa vyovyote, nidhamu ilikuwa na mlango wa kurudia, na mtume alihofia kanisa lisije likausahau mlango huo.

Kisha inakuja sentensi ambayo ingetuumbua tungeisoma taratibu: "Maana yanihusu nini kuwahukumu wale walio nje?" Walio nje Mungu atawahukumu, nyinyi shughulikeni na yaliyo ndani. Sisi tumegeuza. Mimbari zetu zina moto mkali kwa walio nje, kwa wasanii, kwa wa dini nyingine, kwa binti wa mtaani ambaye hajawahi kukanyaga kanisani. Ya ndani tunayafunika blanketi: mhubiri aliyekula sadaka ya ujenzi anahamishwa kituo kimyakimya, na anayeuliza anaambiwa asiguse masihi wa Bwana.

Waraka kwa Warumi unaleta aina ya tatu, mambo ambayo hata si dhambi. Uliandikwa karibu mwaka 57. Miaka minane hivi kabla yake Kaisari Klaudio alikuwa amewafukuza Wayahudi Rumi; Matendo 18:2 inaligusia hilo, maana Akila na Prisila walikuwa miongoni mwao. Baada ya kifo chake mwaka 54 wengine walirudi, na inawezekana sana kwamba walilikuta kanisa limejaa watu wa mataifa wenye desturi tofauti. Mmoja anakula kila kitu, mwingine mboga tu. Huyu anaiheshimu siku, yule anaona siku zote sawa. Paulo ana msimamo wake na haufichi. Katika 14:14 anasema amehakikishwa kuwa hakuna kitu kilicho najisi kwa asili yake. Lakini hauendeshi msimamo huo kama fimbo: "Wewe u nani unayemhukumu mtumishi wa mwingine? Kwa bwana wake mwenyewe yeye husimama au huanguka." Hoja yake ni ya mamlaka. Mfanyakazi wa jirani hata akichelewa kuamka, si wewe unayemlipa. Huku kwetu orodha ya mboga na siku ni ndefu: suruali kwa wanawake, hereni, nywele za kusuka, rasta kwa vijana wa kiume, ngoma madhabahuni, Jumamosi au Jumapili. Kwa mambo hayo watu wameitwa wana wa Ibilisi, na makanisa yamegawanyika vipande.

Tunakosa mamlaka, basi, na zaidi ya hayo tunakosa habari. Biblia inashangaza kwa wingi wa hukumu zilizotolewa kwa ujasiri na zikakosea. Rafiki watatu wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, jambo jema kuliko yote waliyoyafanya, kisha wakafungua vinywa na kumthibitishia kwamba lazima kuna dhambi. Mwisho wa kitabu wanaotakiwa kuombewa ni wao. Kule kisiwani Melita, nyoka alipomng'ata Paulo mkononi, wenyeji walisema, "Hakika mtu huyu ni mwuaji." Walingoja avimbe, hakuvimba, wakageuka wakasema ni mungu. Kwa muda mfupi wametoa hukumu mbili, zote kwa sauti ya uhakika, zote uongo. Na wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu: Yesu anauliza kama mnadhani walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu, kisha anajibu mwenyewe kwamba sivyo. Hatuna mnara wa Siloamu, lakini tuna UKIMWI. Wakati gonjwa hilo lilipokuwa linamaliza vijiji, mimbari nyingi zilishajua nani alikufa kwa zinaa, na wajane waliokuwa waaminifu siku zote za ndoa yao wakazika waume zao huku wamebeba aibu isiyo yao.

Wamonaki wa kale, yaani watawa, walilichambua jambo hili kwa undani kuliko wengi wetu. Dorotheo wa Gaza, aliyeishi karne ya 6, alitenganisha mambo ambayo mtu hufanya akiwa na habari mbaya ya mwenzake. Kusema fulani amedanganya, au fulani amekasirika, ni kutaja kosa lake; hata hilo kwa Dorotheo ni masengenyo likisemwa kwa nia mbaya. Kusema fulani ni mwongo, fulani ni mtu wa hasira, ni kuhukumu maisha yake yote kwa kosa moja. Kisha kuna hatua ya tatu, mbaya zaidi, ya kumdharau na kujitenga naye kama kitu cha kutia kichefuchefu. Hatua ya kwanza na ya pili zinaonekana kukaribiana, na hapo ndipo tunapoteleza: ripoti ya tukio moja inageuka kuwa jina la mtu, na jina hilo linamfuata mpaka kaburini.

Kabla ya Dorotheo, jangwani Sketi huko Misri, aliishi Abba Musa, Mwethiopia aliyekuwa mnyang'anyi kabla ya kuwa mmonaki. Ndugu mmoja alikosa, baraza likaitishwa, Musa hakwenda. Walipomtumia mtu kumwita, alibeba mgongoni chombo chenye matundu, kilichokuwa kikivuja njia nzima. Wakamuuliza ni nini hiki. Akasema dhambi zake zinamwagika nyuma yake naye hazioni, na leo anakuja kuhukumu makosa ya mwingine. Yule ndugu akasamehewa. Napenda kisa hiki kwa sababu msemaji wake anajua wizi ni nini. Hakuwa mtu laini asiyejua ubaya, alikuwa ameufanya.

Lakini je, jamii nzima ya waumini inaweza kuishi hivyo bila kuwa zizi la kila mnyama? Swali hili liliwahi kulipasua kanisa la Afrika Kaskazini, eneo ambalo leo ni Tunisia na Algeria. Mwaka 303 Kaisari Diocletian aliamuru makanisa yabomolewe na Maandiko yakabidhiwe yachomwe moto. Baadhi ya viongozi walikabidhi vitabu ili waishi. Amani iliporudi, Caecilianus akawekwa kuwa askofu wa Karthago, na wapinzani wakadai kwamba mmoja wa maaskofu waliomweka wakfu, Felix wa Aptunga, alikuwa miongoni mwa wasaliti. Uchunguzi ulimsafisha Felix, ila ufa ulishaingia. Kundi lililoitwa Wadonati lilishikilia kuwa kanisa la kweli ni la wasafi, na kwamba sakramenti kutoka mikono iliyochafuka ni bure. Kwa zaidi ya miaka mia moja miji mingi ilikuwa na maaskofu wawili wasiosalimiana.

Augustino, askofu wa Hippo katika eneo hilo hilo, aliwajibu kwa mfano wa magugu katika Mathayo 13. Watumwa wanataka kung'oa magugu, mwenye shamba anakataa, wasije wakazing'oa ngano pamoja nayo: "Viacheni vyote vikue hata wakati wa mavuno." Wadonati walijibu kwamba Yesu mwenyewe alisema lile konde ni ulimwengu, hakusema ni kanisa, na kwa kufuata herufi walikuwa na hoja. Bado naona Augustino aliushika moyo wa mfano. Watumwa hawakukosea kuona magugu, yalikuwepo kweli. Walikosea kudhani wana mikono inayoweza kutenganisha mizizi. Kinachosikitisha ni mwisho wa kisa. Baada ya mkutano wa Karthago mwaka 411, serikali ya Rumi iliwabana Wadonati kwa faini na kunyang'anywa mali, na Augustino, ambaye mwanzoni hakupenda nguvu itumike katika mambo ya imani, alikuwa ameshaikubali na kuitetea. Aliyewafundisha wenzake kungoja mavuno aliishia kuunga mkono panga la palizi.

Nirudi kwa mjane na kiwanja chake, kwa sababu hapo ndipo fundisho hili linaumiza watu leo. Warumi 12:19 inasema, "Wapenzi, msijilipize kisasi, bali ipisheni ghadhabu ya Mungu." Kinachokatazwa ni kisasi cha mkono wako. Mistari michache mbele, mwanzoni mwa sura ya 13, Paulo anaeleza mamlaka ya nchi kuwa mtumishi wa Mungu kwa ajili ya kumlipa atendaye mabaya. Yaani moja ya njia za kumpisha Mungu ni kupeleka shauri barazani au mahakamani. Musa alipowaweka waamuzi wa Israeli aliwaagiza wasitazame nafsi za watu, wawasikilize wakubwa na wadogo sawasawa, wasiche uso wa mtu awaye yote, "kwani hukumu ni ya Mungu". Ipo katika Kumbukumbu la Torati 1:17, na inafaa kusomwa mara mbili. Neno lile lile tunalolitumia kuwaambia watu wasiende mahakamani, Musa alilitumia kuwaambia mahakimu wafanye kazi yao bila woga. Hukumu ya nchi ina ushahidi, ina mashahidi, inasikiliza pande zote, na inaamua juu ya tendo. Haidai kujua moyo. Hivyo anayempeleka shemeji kwenye Baraza la Ardhi, au mzazi anayempeleka aliyemnajisi mwanawe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, hajamhukumu mtu. Ametoa ushahidi. Na mjane wa Luka 18, yule ambaye Yesu anamfanya mfano wa kuomba bila kukata tamaa, hakukaa nyumbani kwa kisingizio cha imani. Alikuwa akimwendea kadhi tena na tena: "Nipatie haki na adui wangu."

Mtu aliyeonyesha jambo hili kwa mwili wake mwenyewe ni Daudi, katika 1 Samweli 24. Sauli anamwinda na watu 3,000 nyika ya Engedi. Anaingia pangoni kujisaidia, bila kujua kwamba Daudi na watu wake wamo ndani kabisa ya pango hilo. Wenzake wanamwambia ndiyo siku yenyewe aliyoahidiwa na Bwana. (Maandiko mikononi mwa watu wenye hasira hupata mistari haraka sana.) Daudi anakata upindo wa vazi tu, na hata hilo linamchoma moyo. Sauli anapotoka, Daudi anatoka nyuma yake, anainama, anamwita bwana wangu mfalme, kisha anamweleza kosa lake waziwazi mbele ya jeshi lote, na ushahidi wa kitambaa mkononi. "Bwana atuamue, mimi na wewe," anasema, "lakini mkono wangu hautakuwa juu yako."

Hapo ndipo wengi hufunga Biblia. Endelea. Sauli analia, anakiri kuwa Daudi ni mwenye haki kuliko yeye, anaomba kiapo kwa ajili ya uzao wake, naye Daudi anaapa. Kisha mstari wa mwisho: Sauli akaenda zake kwake, lakini Daudi na watu wake wakapanda ngomeni. Hakurudi kuishi ikulu na mtu aliyewahi kumrushia mkuki. Sura mbili baadaye Sauli yuko nyikani tena akimtafuta. Daudi alimwachia Mungu hukumu, akasema ukweli kwa sauti, akaweka silaha chini, na akakaa mbali, yote kwa wakati mmoja. Mwanamke anayepigwa na mumewe, anayeambiwa kwamba kumwachia Mungu ni kurudi nyumba ile ile usiku ule ule, asomewe sura hii mpaka mstari wa mwisho.

Yusufu naye, baba yao alipokufa na ndugu zake wakaogopa kulipizwa, aliwauliza, "Je! Mimi ni badala ya Mungu?" Na hapo hapo aliwaambia kwamba walikusudia mabaya juu yake. Hakusafisha historia ili awape msamaha.

Mahali ambapo tunafunga majalada ya watu kwa wepesi kuliko kote ni msibani. Yapo madhehebu ambayo aliyekufa akiwa ametengwa, au aliyejiua, jeneza lake haliingizwi kanisani. Kanisa lina haki ya kueleza nani alikuwa katika ushirika wake na nani hakuwa. Lakini waombolezaji hawasikii hilo. Wanasikia kwamba marehemu yuko motoni, na mara nyingine mhubiri anahakikisha wamesikia hivyo. Kanisa Katoliki limepita njia ya kufundisha hapa. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 ziliwataja waliojiua kwa makusudi, bila dalili ya toba, miongoni mwa wanaonyimwa maziko ya Kanisa. Sheria za mwaka 1983 zimewaondoa kwenye orodha hiyo. Katekisimu ya mwaka 1992 inatambua kwamba maradhi ya akili, hofu kuu na mateso hupunguza wajibu wa mtu, na inafundisha kuwa tusikate tamaa juu ya wokovu wao, maana Mungu anazo njia azijuazo mwenyewe. Kanisa hilo hilo, lililotangaza watakatifu kwa maelfu, halijawahi kutangaza rasmi kwamba mtu fulani yuko jehanamu. Hata Yuda.

Kosa la msibani lina upande wa pili ambao hatuuoni kama kosa kwa sababu unafurahisha. Tajiri aliyekuwa akichangia harambee anafariki, na mhubiri anatutangazia kwamba sasa hivi yuko kifuani mwa Ibrahimu, hana shaka. Hiyo nayo ni hukumu. Kumwachia Mungu kunahitaji kuachia na vyeti vya mbinguni pia, hasa vile vinavyotolewa kwa kuangalia gari la marehemu.

Na yapo maneno ya Paulo katika 1 Wakorintho 4:5 ambayo yanafaa kusomwa makaburini. Bwana atakapokuja, anasema, atayamulikisha yaliyositirika ya giza na kuyadhihirisha mashauri ya mioyo. Kwa jinsi tulivyozoea kuhubiriwa, tunangoja sentensi imalizike kwa aibu ya kila mtu kuanikwa hadharani. Paulo anaimaliza hivi: "ndipo kila mtu atakapoipata sifa yake kwa Mungu." Miongoni mwa mambo yaliyositirika ambayo hatuna uwezo wa kuyaona ndani ya watu, aliyechagua kuyataja mwishoni ni mema yao.